Sura ya Sita: Namba Iliyo Mgongoni mwa Gunia

Mulot iko pale ambapo chai inakatika. Ukitoka Kericho kupitia Litein na Sotik, mashamba ya chai yanakusindikiza hadi karibu na mji wa Bomet, kisha ardhi inaanza kushuka, mahindi na malisho yanashika, na ukivuka Mto Amala uko Narok. Wakipsigis na Wamaasai wanakutana hapo kuuziana ng'ombe, mbuzi na mahindi, na karibu kila boma lina mbwa. Huyo mbwa hafugwi kwa ajili ya kubembelezwa sebuleni. Giza likiingia ndipo zamu yake inapoanza, na mwenye ng'ombe wa maziwa anajua thamani ya mbwa anayebweka kwa wakati wake.

Katika duka la agrovet, kati ya dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe, siku hizi utakuta gunia la chakula cha mbwa limefunguliwa mdomo, na ndani yake kikombe cha kupimia. Wachache wananunua gunia zima. Wengi wanapimiwa.

"Daktari, nipimie kilo mbili za mbwa."

"Ile ya kawaida ama hii ya protini nyingi, mzee?"

"Nipe ile iko na nguvu."

Muuza duka anaitwa daktari hata kama cheti chake ni cha kuuza mbegu tu, na "ile iko na nguvu" huwa ndiyo ghali. Mazungumzo haya yanarudiwa katika kila soko la nchi hii, na sura hii inahusu kinachopimwa kwenye kikombe kile: nguvu hiyo ni nini, mbwa wa aina gani anaihitaji, na yupi anaweza kushiba na kuwa na afya bila hiyo.

Tuanze na namba yenyewe. Mgongoni mwa gunia pameandikwa protini ghafi, pengine asilimia 18, pengine 21, pengine 27. Neno "ghafi" wengi wanaliruka, nalo ndilo la kusomwa kwanza. Maabara haipimi protini. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25, kwa kuwa kwa wastani protini ina naitrojeni asilimia 16. Njia hiyo ilibuniwa na Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mwaka 1883, na bado hesabu ya viwandani inaegemea wazo lake. Ni njia rahisi, na kwa mahindi safi au nyama safi haina neno. Udhaifu wake ni kwamba naitrojeni haisemi imetoka wapi. Nyama ina naitrojeni, na manyoya ya kuku, kwato na ngozi vinayo pia, ila tumbo la mbwa halinufaiki navyo sawasawa.

Mwaka 2007 ulimwengu ulilipia udhaifu huo. Gluteni ya ngano iliyotoka Uchina ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo imejaa naitrojeni na haina hata chembe ya protini. Vipimo vilipanda, bei ikapanda, na bidhaa ikaingia katika vyakula vya mbwa na paka huko Amerika Kaskazini. Wanyama wakaanza kufa kwa figo. Kampuni ya Menu Foods na nyingine nyingi zikarudisha mamilioni ya mikebe na mifuko. Mwaka uliofuata hila hiyohiyo ikaonekana katika maziwa ya watoto huko Uchina. Nayakumbusha haya kwa sababu aliyedanganywa hapo kwanza alikuwa mtambo wa maabara, na mnunuzi alidanganywa kupitia namba ileile ambayo mzee wetu wa Mulot anaonyeshwa kwa kidole.

Jambo la pili ni maji. Chakula kikavu kina unyevu wa asilimia 10 hivi, cha mkebe kinakaribia 80. Mkebe ulioandikwa protini asilimia 8 unaonekana duni mbele ya gunia la 21, lakini ukiyaondoa maji, mkebe ule una asilimia 40 na gunia lina 23 na kitu. Anayelinganisha bila kuondoa maji analinganisha mto na kisima.

Sasa, mbwa anahitaji kiasi gani? Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu lishe ya mbwa na paka, linapendekeza gramu 25 za protini kwa kila kilokalori 1,000 anazokula mbwa mzima, mradi protini hiyo iwe bora na inayeyushwa vizuri tumboni. AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo huko Marekani ambacho kanuni zake zinafuatwa na viwanda vingi duniani, kinataka zaidi: angalau asilimia 18 ya uzito mkavu kwa mbwa mzima, na 22.5 kwa watoto na majike wenye mimba au wanaonyonyesha. Tofauti hiyo ina maelezo. Baraza linazungumzia protini safi ya majaribio. Chama kinajua kiwanda kitatia chochote kilichopo, basi kimeongeza akiba.

Mchukue mbwa wa boma wa kilo 15, mwenye mwendo wa kutosha. Anahitaji kilokalori 1,000 hivi kwa siku. Ukimlisha kimyet pekee, yaani ugali wa mahindi, atamaliza gramu 280 za unga, na ndani ya unga huo mna protini gramu 20 hadi 24. Rudia hapo: gramu 20 hadi 24, na kinachopendekezwa ni 25. Mbwa ambaye kila mtaalamu wa mijini angemhurumia kwa kula ugali mtupu anakaribia kabisa kiasi kinachotakiwa.

Basi mbona mbwa wa ugali mtupu ana manyoya makavu, na vidonda vyake vinachelewa kupona?

Kwa sababu protini ni mkusanyiko. Imeundwa na asidi amino, na kumi kati ya hizo mwili wa mbwa hauwezi kuzitengeneza, lazima azile. Mahindi yana upungufu wa laisini, na zaidi wa triptofani. Mwili unapokosa moja, zile nyingine haziwezi kujenga msuli wala unyoya, zinachomwa kama kuni na naitrojeni yake inatoka kwa mkojo. Na kuna pengo jingine kubwa kuliko hilo, ambalo namba ya protini haitaji kabisa: kalsiamu. Mbwa huyo anahitaji gramu moja hivi kwa siku. Unga wake wote wa siku hautoi hata sehemu ya kumi ya gramu hiyo. Wenye mbwa hununua protini kutibu ugonjwa wa mifupa, wakati dawa ilikuwa mifupa ya samaki.

Hapo ndipo omena inapoingia, na kwa maoni yangu hakuna kitu katika agrovet yoyote ya Bomet kinachoishinda kwa shilingi moja moja. Samaki hawa wadogo wa Ziwa Viktoria, Watanzania wanawaita dagaa, wakishakauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, yenye laisini tele, na wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu inakuja humohumo. Konzi moja ya gramu 30 ikichemshwa na kusongwa pamoja na unga inaongeza protini gramu 16 au zaidi, na inaziba sehemu kubwa ya pengo la kalsiamu. Kwa mbwa mzima asiye na mimba, hesabu ya protini imefungwa.

Omena ina adabu zake. Ile ya bei ya chini inayouzwa kwa ajili ya kuku mara nyingi imeanikwa mchangani, na mchanga unapimwa kwenye mizani kama samaki. Mimina maji katika karai, tia omena, koroga, iache itulie kidogo, kisha itoe kwa mikono bila kumwaga. Tazama kinachobaki chini. Ukikuta tabaka la mchanga na magamba ya konokono, umejua ulilipia nini. Inayonuka mafuta yaliyochacha usimpe mbwa, hata kama kuku walikula wakanyamaza.

Maharagwe nayo yana nafasi. Yana laisini ambayo mahindi hayana, na mahindi yana methionini ambayo maharagwe yamepungukiwa, ndiyo maana githeri iliyobaki inamfaa mbwa kuliko ugali na mchuzi. Yawe yameiva kabisa. Na mchuzi uwe bila vitunguu: kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kidogo cha kila siku kinajumlishwa.

Hadi hapa utadhani nalipiga vita gunia. La hasha. Kuna mbwa wawili ambao gunia zuri linawafaa kuliko karai la nyumbani, nao ni jike anayenyonyesha na watoto wake.

Jike mwenye watoto sita, wiki ya tatu au ya nne baada ya kuzaa, anaweza kuhitaji chakula mara mbili hadi nne ya kawaida yake. Tumbo lake halina nafasi ya ugali wa kiasi hicho, kwa kuwa sehemu kubwa ya ugali ni maji. Anakonda huku anakula. Maziwa anayotoa yana protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta zaidi ya mara mbili, ndiyo maana watoto walioachwa na mama hawastawi wakilelewa kwa maziwa ya ng'ombe matupu, hata katika boma lenye maziwa ya kumwaga. Watoto wenyewe, tangu kuachishwa hadi wiki ya 14, wanahitaji protini zaidi ya mara mbili ya mbwa mzima kwa kila kilokalori. Hapa 22.5 ya AAFCO ni sakafu, na chakula cha asilimia 26 au 28 kilichoandikwa wazi kuwa cha watoto kina sababu ya kuwa ghali.

Kwa mbwa mzima hali ni nyingine. Mpe yule wa kilo 15 chakula kikavu cha asilimia 27 na atakula gramu 285 hivi kwa siku, zenye protini gramu 77. Ni mara tatu ya pendekezo la baraza. Haitamdhuru, ule wasiwasi wa zamani kwamba protini nyingi inaua figo za mbwa mwenye afya haujathibitika, na mbwa mzee anaweza hata kuhitaji zaidi kidogo ili misuli isiyeyuke. Lakini mwili hauna ghala la protini. Inayozidi inageuzwa kuwa nishati, au mafuta, na mwenye mbwa atakuwa amenunua wanga kwa bei ya nyama.

Wenye mbwa chotara wa German Shepherd, ambao ni wengi siku hizi kwa sababu ya ulinzi, wana kishawishi cha pekee. Mtoto ana miguu mikubwa, basi aongezewe "ya mifupa": unga wa mifupa au chumvi ya ng'ombe juu ya chakula cha kiwandani ambacho tayari kina kalsiamu yake. Mtoto wa mbwa mkubwa hawezi kuikataa kalsiamu inayozidi. Mifupa inakua vibaya, na inapotokea hivyo hairudi. AAFCO imeweka kikomo cha asilimia 1.8 ya kalsiamu kwa watoto wa mbwa wakubwa kwa sababu hiyo. Anayekula ugali na nyama bila mfupa anapindika miguu kwa kukosa, huyu anapindika kwa kuzidishiwa. Chumvi ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe.

Niliacha jambo zito zaidi kwa makusudi, kwa kuwa katika eneo hili lina historia. Septemba 2011, katika mashamba ya Longisa, jirani kabisa na Mulot, mahindi yalianza kukauka kuanzia majani ya katikati, na magunzi yakatoka na punje chache, au tupu. Ulikuwa ugonjwa wa MLN, virusi wawili wanaoshirikiana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana Kenya. Mwaka uliofuata ulikuwa umefika Narok na Naivasha. Mmea uliodhoofika hivyo hushambuliwa na ukungu kwa urahisi, na wakulima wakabaki na mahindi ambayo mtu hawezi kuyala. Yalienda wapi? Kila mtu wa kijijini anajua jibu: kuku, ng'ombe na mbwa.

Ukungu una sumu zake, na inayoogopwa zaidi ni aflatoksini, ambayo hustawi mahindi yakivunwa na unyevu au yakihifadhiwa vibaya. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni mmoja wa wanyama ambao ini lao linaishindwa upesi. Anakataa chakula, anatapika, macho na fizi zinageuka manjano, choo kinakuwa cheusi, na watu wanasema amelishwa sumu na jirani. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Unaweza kuusonga ugali hadi ukauke, bado imo. Mahindi yaliyooza si chakula cha mbwa, na mtu akiniambia hana pengine pa kuyapeleka, nitamwambia ayafukie.

Gunia la kiwandani halina kinga ya ajabu hapa, kwani nalo linatengenezwa kwa mahindi. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, chakula kikavu cha Sportmix huko Marekani, nchi yenye maabara kila kona na kikomo cha sehemu 20 kwa bilioni, kilihusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 100. Kwa hiyo rudi katika lile duka na ulitazame gunia lililofunguliwa mdomo. Limefunguliwa lini? Mvua ilinyesha mara ngapi tangu hapo? Mafuta yanayonyunyiziwa punje yanachacha yakipigwa na hewa, na punje inavuta unyevu. Afadhali majirani watatu wachange wanunue mfuko uliofungwa wenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe inayosomeka, wagawane, kuliko kila mmoja kupimiwa kutoka kwenye gunia la mwezi jana.

Kichinjioni nako kuna protini ya bure. Vijana wanatoka na mapafu, wengu na ini lililokataliwa na mkaguzi, wanawarushia mbwa. Ini lililokataliwa mara nyingi limekataliwa kwa sababu ya malengelenge yenye maji ndani. Hayo ni makao ya tegu mdogo aitwaye Echinococcus. Mbwa akiyala mabichi, tegu anakomaa katika utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa anayapeleka mdomoni. Miaka baadaye malengelenge yanaota katika ini la mtu. Turkana ilikuwa na viwango vya ugonjwa huo vya juu kuliko karibu popote duniani, na shirika la afya la AMREF lilipambana nao huko miaka ya 1980 kwa upasuaji na kwa dawa za minyoo za mbwa. Umaasaini nako upo. Matumbo na mapafu ni chakula kizuri kwa mbwa, yachemshwe dakika 40. Yenye malengelenge yafukiwe shimoni.

Katika maduka makubwa ya Nairobi sasa kuna mifuko imeandikwa "bila nafaka", inauzwa kwa bei ya juu kama vile mahindi ni kosa. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala walionyesha kwamba mbwa mwitu wa Ulaya na Amerika ana nakala mbili tu za jeni ya kuyeyusha wanga, na mbwa wa nyumbani anazo kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kula mabaki ya wakulima yamo katika damu yake. Tena punje kavu yenyewe haiwezi kushikamana bila wanga: unga unasukumwa kwa mvuke na shinikizo, unafura, unakatwa. Kwa njia hiyo Purina walitoa Dog Chow mwaka 1957 na viwanda vingine vikafuata. Anayetoa mahindi anaingiza njegere, dengu au viazi. Na Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza vyakula vya aina hiyo, kwa kuwa mbwa waliokuwa wakivila walikuwa wakiripotiwa na moyo uliotanuka. Uchunguzi haukutoa hukumu. Mbwa wa Mulot hana haja ya kuusubiri.

Ukilazimika kuchagua gunia, anza na maneno yanayosema ni la mbwa wa umri gani. Kisha soma vitu vitatu vya kwanza katika orodha ya viungo, maana vinaandikwa kwa uzito. Nyama, samaki au unga wa samaki uwemo kati ya hivyo. Pumba ikiwa ya kwanza na namba ya protini iko juu, jiulize naitrojeni imetoka wapi. Badilisha chakula kwa wiki nzima, ukipunguza cha zamani kidogo kidogo, la sivyo utalaumu gunia kwa kuhara ambako umekusababisha mwenyewe. Baada ya mwezi pitisha vidole ubavuni mwa mbwa: mbavu zihesabike kwa kugusa bila kuonekana kwa mbali. Zikifichika, punguza kikombe. Zikijitokeza na anakula vizuri, mpe dawa ya minyoo kabla ya kumwongezea chochote.

Na kama una mbwa watatu na pesa ya mfuko mmoja, mfuko huo ni wa jike na watoto hadi waachishwe na kushika miguu. Madume wawili watalinda vizuri tu kwa kimyet, omena iliyooshwa, na ini lililochemshwa siku ya soko.